Matanga ya Mtu wa Karatasi

Kibamba, 12 Januari 2025

Mdogo wangu Mwajabu,

Pokea salamu za nyumba nzima, wazima na wanaojifanya wagonjwa. Mie mzima, goti la kushoto tu ndio linanisaliti, la kulia bado kijana. Mwanangu Bakari mzima, mkewe mzima, jogoo kaibwa. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe maana simu zangu hupokei, nimepiga mara kumi na moja, ya kumi na mbili nikasema hapana, mie sio muuza bima. Nampa barua kondakta wa basi la Lindi, usiseme haikufika. Na usicheke mwandiko. Kule kwenye kisomo cha watu wazima tulikuwa thelathini na nane na mwalimu alisema mie ndiye mwenye bidii kuliko wote, wale wengine walifuata kivuli.

Sasa sikia mambo ya mjukuu wako Salma. Tangu amalize chuo hana kazi, ila kila Jumamosi baada ya adhuhuri anakaa barazani kwangu na wenziwe wawili. Mmoja anaitwa Rogers, yuko kwenye duka la kuchapa kule Mikocheni, kijana mrefu asiye na nyama. Mwingine Vaileth, mwalimu wa chekechea, mlokole, mpole lakini macho yake yanakupima. Wanatandaza makaratasi, wanatoa madadu. Mie nikasema kamari hiyo! Nikainuka na fimbo. Nafika namkuta Rogers anasema, mie ni mganga mwenye miaka mia tatu, namtoa jini kwenye chungu. Nikasema kumbe si kamari, ni uchawi, afadhali ingekuwa kamari.

Salma akaniambia Babu kaa kwanza. Nikakaa. Kumbe ni mchezo wa kujifanya. Salma ndiye msimulizi, anasema mko mbele ya ngome, geti limefungwa, mnafanyaje. Kila mmoja ana mtu wake kamwandika kwenye karatasi, nguvu zake, akili zake, udhaifu wake, basi anasema mtu wangu anafanya hivi. Kama jambo ni gumu wanarusha dadu, dadu ndio linasema umeweza au umeumia. Hakuna hela. Hakuna anayeshinda. Wanakaa saa nne kwa jambo lisilo na mshindi, Mwajabu! Na hao ndio wasomi.

Mie nikawaambia mchezo nimeuelewa na nitaucheza vizuri kuliko wao, ila dadu halirushwi kwenye baraza la mwanaume anayeswali. Wakasema basi Babu tutumie nini? Nikawaza kidogo tu, si unanijua. Nikatoa komwe zangu za bao, nusu nikazipaka rangi nyeusi iliyobaki kwenye geti, nikazitia zote kwenye mfuko. Unachota tano bila kuangalia. Nyeupe nyingi, umeweza. Nyeusi nyingi, shauri yako. Rogers kaduwaa. Kasema hii ni sistimu mpya kabisa. Nikamwambia sie wengine hatujaanza leo.

Nisalimie watoto wote.

Kaka yako mkubwa,
Khalfani


Lindi, 9 Februari 2025

Kaka Khalfani,

Shikamoo. Nimeitoa kwa sababu tulifunzwa kuitoa, usiipokee kama zawadi.

Hapa hatujambo. Bati la jikoni limeng'olewa na upepo na limerudishwa. Mwanangu Stadi amepata mtoto wa pili, wa kike. Makaburini majani yameota sana baada ya mvua, kaburi la shemeji yako Mudathir nimelipalilia mwenyewe. Ndiyo habari za hapa.

Nimesoma habari za mchezo wako. Kwa hiyo kurusha dadu ni haramu ila kupapasa mfukoni bila kuangalia ni ibada. Nimekwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa, amecheka, kisha akauliza mwenye fatwa hiyo ana umri gani. Nikamwambia sabini na tatu. Akasema mwacheni.

Umeniandikia mganga wa Rogers ana miaka mia tatu. Wewe je, mtu wako ni nani? Nina shauku ya kujua kaka yangu akipewa nafasi ya kuwa mtu yeyote duniani anachagua kuwa nani.

Mwajabu


Kibamba, 23 Februari 2025

Mdogo wangu Mwajabu,

Marahaba, hata kama umeitoa kwa kibano. Hongera ya mjukuu, mwiteni jina zuri. Hapa wote salama, jogoo hajarudi na sitarajii. Mfungo unakuja, tunasimamisha mchezo mwezi mzima, Vaileth kasema na yeye atafunga siku moja kutuunga mkono, nikamwambia moja haitoshi hata kuonja.

Umeuliza mtu wangu. Anaitwa Jemadari Mwinyikondo, mkuu wa msafara wa chumvi. Urefu futi saba. Hajawahi kushindwa vitani wala kwenye mjadala. Salma kaniambia Babu, sheria inataka kila mtu aandike udhaifu mmoja. Nikafikiri, nikaandika, anaaminika mno na wanawake. Kaniambia huo sio udhaifu. Nikamwambia kaa nao ndio utajua. Nimekataa kubadilisha.

Hawa watoto wana imani za ajabu, hujapata kuona. Rogers dadu lake analochezea kule Mikocheni likimtoa vibaya mara tatu analifunga ndani ya kopo la majani ya chai, eti lijifunze. Kifungo, Mwajabu! Dadu limehukumiwa! Vaileth, na wokovu wake wote, hataki mtu aguse penseli aliyomwandikia mtu wake, anasema mkosi unahamia kwenye karatasi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Watu wazima. Mie sina upuuzi huo. Nimesema tu mtu asipige mluzi mfuko wangu ukiwa wazi, asikae kizingitini wakati nachota, na anayetaka kuchota baada yangu ahesabu mpaka saba kwanza, hayo ni mambo ya kawaida ya tahadhari.

Tena walikuja wageni, kundi jingine la huko Mikocheni, vijana watano na mkoba wa vitabu. Rogers ndiye aliwaita. Wao wanafuata kitabu cha Kizungu kinene kama tofali mbili, ukitaka kupanda ukuta unafungua ukurasa wa mia na kumi, ukitaka kushuka ukurasa mwingine. Mmoja akaniambia mzee, kwa sheria zetu Jemadari hawezi kuruka mto wenye upana huo. Nikamuuliza sheria zenu zimeshauona huo mto? Kaanza kufunua kurasa. Nikachota tano, nyeupe nne. Akaruka na punda wake. Wiki iliyofuata huyo kijana kamtuma Rogers aulize rangi ya geti ni ya aina gani.

Sina la ziada.

Khalfani


Lindi, 14 Aprili 2025

Kaka Khalfani,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Tulikula wenyewe. Mahali pa marehemu mkekani tulimweka mtoto mchanga, ili pasionekane wazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kuna punda ndani yake, kuna geti, kuna kopo la majani ya chai, kuna jogoo. Kuna jina moja nililitafuta sikuliona. Labda karatasi ilikuishia.

Kuhusu Jemadari, umeniambia hajawahi kushindwa kwenye mjadala. Sikushangaa.

Mwajabu


Kibamba, 25 Mei 2025

Mdogo wangu Mwajabu,

Marahaba. Wote hapa wazima kwa mwili. Barua yako ilinikuta kwenye majonzi ndio maana nimechelewa. Jemadari Mwinyikondo hatunaye tena.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza baada ya zile funga sita za Idi. Msafara umefika penye ngome ya zimwi, Salma kasema zimwi linataka ushuru wa punda mmoja mnapita salama. Rogers kasema tulipe. Vaileth kasema tulipe, punda wapo kumi na wawili. Mie nikasema Jemadari halipi. Nikachota. Nyeusi tano! Tano zote, Mwajabu, nafikiri mtu alipiga mluzi. Salma kanitazama kwa huruma kasema Babu, zimwi limemkata Jemadari vipande viwili. Nikasema hafi. Kasema nyeusi tano ni kifo, wewe mwenyewe uliweka sheria hiyo. Nikasema niliweka kwa ajili yenu.

Wiki tatu nimekataa. Kila Jumamosi nawaambia Jemadari anajitibu. Rogers akarudi kwa wenziwe wa Mikocheni, kasema kule angalau mtu akifa anakufa. Vaileth ndio kaniudhi zaidi, maana hakupandisha sauti, kakunja karatasi zake akasema, "Babu, wewe hujui kushindwa hata kwa kujifanya." Akaondoka. Salma alikaa peke yake barazani na makaratasi, hakunitazama, akaniletea chai. Chai bila sukari.

Basi nikasema sawa, kafa. Lakini Jemadari wa hadhi ile hazikwi kwa mstari wa kalamu nyekundu. Nataka matanga siku tatu. Salma kacheka, kasema sawa Babu, akadhani natania. Mie nikamwambia kijana wa turubai alete turubai, nikatandika majamvi, nikavaa kanzu, nikakaa. Mtu akipita akiniuliza nani, namwambia Mwinyikondo, mtu wangu wa karibu mno, kakatika ghafla. Uongo uko wapi hapo?

Kufika alasiri baraza limejaa. Wanawake na kanga kichwani wanaingia kwa mkwe wangu wanalia, naye hajui wanamlilia nani, akalia vilevile. Mama Jovina wa jumuiya ya kanisani kaleta sufuria la makande. Mjumbe kaja na daftari. Imamu katuma watu wawili waulize mwili unaoshewa wapi. Hapo Salma katoka ndani mbio, kanishika mkono, kasema Babu waambie, ninakuomba waambie. Nikasimama nikawaambia ukweli, marehemu alikuwa mtu wa karatasi. Mama Jovina kauliza, "Mzee, sasa makande niyarudishe?" Nikasema msiba ni msiba, kaeni mle. Walikula, Mwajabu. Wengine walirudi siku ya pili kuuliza zimwi lilimkataje. Vaileth na Rogers walikuja siku ya tatu. Nililia, sikatai, nililia mbele za watu. Mzee mmoja jirani kaniambia Kibamba nzima haijawahi kuona mtu aliyezikwa kwa heshima vile.

Nilitaka na wewe ujue.

Khalfani


Lindi, 3 Juni 2025

Khalfani,

Shikamoo sikupi leo.

Siku tatu. Turubai, majamvi, kanzu. Umelia mbele za watu kwa ajili ya mtu uliyemwandika kwa penseli.

Mume wangu Mudathir alifariki tarehe 14 Septemba, Jumamosi, alfajiri. Wewe ulipigiwa simu wa kwanza, kabla hata ya ndugu zake. Ulisema nakuja. Tulimsubirisha. Maiti haisubirishwi, unajua, na sisi tulimsubirisha hadi baada ya alasiri, kila basi likipita Stadi anatoka barabarani. Hukuja kuzika. Hukuja siku ya tatu. Hukuja arobaini. Kisha Januari unaniletea habari za jini kwenye chungu.

Najua mligombana Idi ya mwaka jana kwa ajili ya bao. Ulimwita mwizi barazani kwake, watu wamekaa, ukavaa viatu ukaondoka na wali uko mezani. Miaka arobaini na moja ya ushemeji. Lakini hata mtu anayemchukia mwenzake humzika.

Usiniletee punda. Usiniletee Rogers. Niandikie kwa nini hukuja, au usiniandikie kabisa.

Mwajabu


Kibamba, 20 Julai 2025

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana. Salma alisema Babu niambie nikuandikie, nikakataa. Mambo haya hayapitii mkono wa mtoto.

Mwezi huu wote naenda barazani Jumamosi nakaa pembeni nawatazama. Wamerudi wote. Wakichota nyeusi wanaguna kidogo halafu wanasema haya, nimeanguka, nini kinafuata. Mie nawatazama tu. Maneno ya Vaileth yananikaa hapa kifuani kama mwiba wa samaki.

Mwajabu, Mudathir hakuiba. Idi ile kwenye bao alikuwa ananimaliza. Mie, niliyemfunga kila mtu Temeke miaka ile ninakaa Tandika, unakumbuka, walikuwa wanatoka Kurasini kuja kufungwa na mie. Basi aligeuka kumwitikia mtu anayepita, nikachota komwe mbili kwenye shimo lake, ndizo zilikuwa zinaniua. Nikashinda. Yeye akahesabu, zikatoka sitini na mbili badala ya sitini na nne. Akasema tu, shemeji, mbona hazitimii? Hakunituhumu. Hakusema neno baya. Mie ndio nikapiga kelele mwizi, mwizi, kabla mtu hajaniangalia. Ukishapiga kelele huwezi tena kurudi nyuma.

Siku ya msiba nilikuja. Nilikuja mpaka stendi ya Mbagala. Kanzu imepigwa pasi, tiketi mkononi, begi ndani ya basi. Nikakaa dirishani. Mbele yangu wamekaa watu wa Lindi wanaenda msiba huohuo, hawanijui, mmoja anasema marehemu alikuwa mtu mwema, sijui kama aliwahi kumkosea mtu. Nikakumbuka kaburini. Si unajua wanavyofanya, kabla watu hawajatawanyika anasimama mmoja anasema, kama kuna mtu marehemu alimkosea, amsamehe. Wote wangegeuka kunitazama mie. Wanajua bao lile. Wangesubiri nimsamehe. Mie! Nimsamehe kwa wizi wangu, yeye hawezi kujibu, yuko chini na udongo juu. Nikisema nimemsamehe, nimemzulia mara ya pili. Nikinyamaza, nimemnyima radhi mbele ya kaburi lake. Nikisema kweli, basi.

Nikashuka. Begi likaenda Lindi bila mie, kondakta kalirudisha kesho yake.

Hiyo ndio sababu. Sio chuki.

Khalfani


Lindi, 2 Agosti 2025

Kaka Khalfani,

Shikamoo.

Barua yako niliifungua nimesimama nikaimaliza nimekaa.

Nikuambie usilolijua. Kaburini Sheikh alisema vilevile kama ulivyoandika. Watu wakatazamana wakikutafuta, hukuwepo. Stadi akaona aibu kwa ajili ya mjomba wake, akasimama akasema, "Mjomba Khalfani yuko mbali, kwa niaba yake nimemsamehe baba zile komwe." Watu wakaitikia amina. Mtoto amemsamehe baba yake wizi, mbele ya mji mzima, na baba hakuiba. Hivyo ndivyo alivyozikwa mume wangu. Mimi niliambiwa jioni, na sikujua mpaka leo kwamba hata hiyo amina haikuwa ya haki.

Mudathir aliumia na lile neno. Hakulisema, ila bao alilipeleka kwa fundi Stephano lichongwe kigoda, hakucheza tena. Sikutaka kukuambia. Sasa umeniambia lako, nami nakuambia langu.

Hitima ya mwaka ni Jumapili tarehe 14 Septemba, baada ya adhuhuri, hapa nyumbani. Watakuwepo watu walewale. Utasimama utasema kwa kinywa chako, kama ulivyoiandika, bila Jemadari ndani yake. Barua sitamsomea mtu, usidhani utanitumia mimi.

Ukishuka tena Mbagala, shuka na begi lako. Na mimi nitajua nina kaka au nina mtu wa kuandikiana naye tu.

Mwajabu


Lindi, 21 Septemba 2025

Kaka Khalfani,

Shikamoo. Natumaini mmefika salama wewe na Salma, na goti halikukusaliti njiani.

Nimeona nikuandikie, maana mlipoondoka nyumba ilikuwa bado na wageni na hatukuzungumza. Nilikuwa chumba cha wanawake, mlango wazi. Nilikusikia unasimama, maana kiti kililia. Nikasikia unasafisha koo mara mbili, nikasema moyoni, anakwenda kukaa tena huyu. Salma alikuwa kando yangu, amenishika kanga huku ananung'unika, "Sema Babu, sema Babu." Ukasema. Uliyasema yote, na jina lake ulilitaja mara tatu. Stadi alilia. Kilichofuata unakijua. Mzee Adelard, yule fundi cherehani jirani yetu, Mkristo wa watu, hana hitima wala komwe, akauliza kutoka nyuma, "Sasa mzee, ulizificha wapi? Maana mimi nilikuwepo siku ile, na ulikuwa na kikoi na fulana tu."

Mtu mwenye haya angesema yamekwisha. Wewe ukasema shavuni! Ukaomba kashata mbili kwenye sinia ukawaonyesha. Komwe moja huku, komwe moja huku, na ulimi unavyokaa katikati ili neno litoke safi. Ukawaambia wazi kwamba hakuna mtu mwingine Pwani nzima angeweza kupiga kelele "mwizi" kwa ufasaha ule na komwe mbili mdomoni. Umeomba radhi dakika moja, umejisifu nusu saa. Wazee walikuwa wanajaribu na kashata, mmoja amepaliwa.

Na mimi, mjane, siku ya hitima ya mume wangu, kwenye chumba kimejaa mawifi, nikacheka. Nikajaribu kukohoa, ikashindikana. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Mwaka mzima nilikuwa sijafanya hivyo, hata sauti ya kicheko changu niliisahau. Wifi Clara amenitazama kama nimevua nguo, na tangu Jumapili ninasemwa mtaa mzima.

Kwa hilo nalo utakuja kuniomba radhi. Njoo mwezi ujao, na ukae zaidi ya siku mbili.

Dada yako,
Mwajabu